Mistari iliyokatizana si siri: barua za wanafunzi wa enzi za Malkia Victoria

Kila ninapofundisha kusoma barua kongwe za Uingereza, ukurasa wenye mistari iliyoandikwa juu ya mistari haukosi mtu wa kusema: "Huyu kijana alikuwa akificha kitu." Nimechoka kuyasikia. Alikuwa akibana pesa, basi. Kabla ya 1840 barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida mlipaji alikuwa mpokeaji, yaani baba mtu kule nyumbani. Karatasi mbili, malipo mara mbili. Bahasha nayo ilihesabiwa karatasi, ndiyo maana barua ilikunjwa yenyewe ikafungwa kwa lakiri. Karatasi ikijaa, kijana aliigeuza ubavu akaandika kukatiza maneno yake mwenyewe.

"Lakini barua hii ni ya 1862!" Najua. Tangu 1840 barua ya nusu aunsi ilikwenda popote nchini kwa peni moja, ila ikizidi hapo ilikuwa peni mbili. Tena mazoea ya nyumba hayafutwi na stempu.

Acheni kuikodolea macho picha ya barua kwenye simu mkiikuza na kuikuza! Soma mistari ya mlalo mpaka mwisho, ndipo ugeuze karatasi robo mzunguko. Baada ya aya moja, mistari mingine inakuwa kama wavu wa dirishani: ipo, lakini unaona ng'ambo.

Eti barua zilichukua wiki kadhaa. Reli ilifika miji ya vyuo vikuu, Oxford 1844 na Cambridge 1845. Barua ya jioni ilisomwa London kesho yake. Ndiyo maana zimejaa soksi, mafua na madeni ya fundi cherehani.

Eti wote walikuwa watoto wa matajiri. Oxford, wengi wao, sawa. Scotland mtoto wa mkulima alikwenda chuo na gunia la unga wa oti, na kulikuwa na mapumziko yaitwayo Jumatatu ya Unga ili arudi kwao kulijaza.

Eti wanawake hawakusoma. Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge, kilianza 1869. Walisoma, wakafaulu mitihani, na Cambridge ikawanyima shahada kamili mpaka 1948.

Na dini? Hadi 1854, kuandikishwa Oxford kulidai saini ya kukiri Vipengele 39, yaani misingi ya imani ya Kanisa la Anglikana, ambayo Mkatoliki asingeikiri. Ukiniletea barua ya Mkatoliki wa kuzaliwa "aliyesoma Oxford 1845", nitakuomba kwanza uisome upya tarehe.