Bibi kuyumba si "uzee tu"

Bibi akianza kuyumba, kauli ya kwanza nyumbani huwa ni ile ile: "Ni uzee huo, mwacheni akae." Ina huruma, lakini imekosea mara mbili.

Mwili husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, hisia za nyayo na nguvu za misuli. Umri hupunguza kila kimoja kidogo, ni kweli, ila mara nyingi kuna jambo la kushughulikiwa: mtoto wa jicho, kisukari kilichotia nyayo ganzi, au dawa. Mtazame anapoamka alfajiri kwenda msalani: anainuka, anapapasa ukuta, macho yanaingia kiza. Huenda presha imeshuka ghafla. Omba apimwe akiwa amelala, kisha amesimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zote zipitiwe upya na daktari (asiziache mwenyewe). Kizunguzungu cha kugeuka kitandani ni kingine: mara nyingi ni chembe za chokaa zilizohama sikioni, na mtaalamu huzirudisha kwa kumgeuza kichwa tu, bila kidonge.

Na huko kukaa? Mapaja yasiyotumika hunywea, woga nao unazidi. Mazoezi ya kujisawazisha na kutia miguu nguvu hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Aanze na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mtu akiwa karibu. Zile ndala zilizolika kisigino, zitupeni leo.