Ndege ndogo zinavyojuana angani

Kati ya Dar es Salaam na Unguja ndege ndogo hupishana kutwa. Mbili zikielekeana, kila moja ikienda kilometa 300 kwa saa, kilometa 10 zilizo kati yao huisha ndani ya dakika moja. Ubaya ni kwamba ndege mtakayogongana nayo haisogei kwenye kioo: hubaki kidoa palepale, kisha hukua ghafla. Macho peke yake hayatoshi.

Transponda ni redio ya ndege inayojibu yenyewe. Ile ya kawaida husubiri kuulizwa. Rada, au ndege kubwa yenye mfumo wa kuzuia migongano, huuliza kwa megahezi 1030, nayo hujibu kwa 1090 ikitaja tarakimu nne za utambulisho na kimo. Mahali ilipo haisemi. ADS-B, yaani njia ya ndege kujitangaza yenyewe, haisubiri swali. Huchukua mahali kutoka GPS na kutangaza takribani mara mbili kila sekunde, pamoja na kimo, kasi, uelekeo na anwani ya ndege yenye biti 24. Anwani za ndege zenye usajili wa 5H, yaani za Tanzania, huanza na 080.

Anwani hiyo ndiyo inayosumbua watumiaji wa vifaa vya ADS-B vya kubebeka. Ukihamishia kifaa ndege nyingine bila kubadilisha anwani, wenzako wataona jina la ndege iliyoegeshwa, na kifaa chako kitaichukua transponda yako mwenyewe kuwa ndege iliyokuganda mgongoni. Kama transponda tayari inatangaza ADS-B, zima utangazaji wa kifaa, kiache kipokee tu.

Kisimamishe wima, juu kwenye kioo. Injini, bati la bodi, hata kiwiliwili cha rubani huziba mawimbi, kwa hiyo kifaa cha mfukoni ni mapambo. Jua letu nalo huchemsha betri hadi kikazima chenyewe.

Skrini tupu haina maana ya anga tupu. Ndege isiyotangaza haitokei. Vilevile, kifaa kinachotangaza ADS-B pekee hakijibu maswali ya 1030, hivyo mfumo wa ndege kubwa wa kuzuia migongano hautamwonya rubani wake juu yako. Redio itumike: taja mahali, kimo na unakoelekea.

Kabla ya kuingia barabara ya kurukia, tazama swichi ya transponda. Iwe ALT. Ikibaki ON, tarakimu hutoka bila kimo. Ikibaki SBY, hakitoki chochote.