Je, wajua kwa nini wapenzi kwenye riwaya hukawia kukubaliana?

Riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyotoka Uingereza mwaka 1813, ina sura 61. Darcy anamposa Elizabeth katika sura ya 34, anakataliwa. Posa inayokubaliwa inakuja sura ya 58. Kati ya posa hizo mbili kuna sura 23 ambazo msomaji tayari anajua kwamba Darcy anampenda Elizabeth, na bado hakiweki kitabu chini.

Kinachomshika ni kutaka kujua watabadilikaje hadi waweze kuishi pamoja. Darcy anaposa huku akieleza jinsi ukoo wa Elizabeth ulivyo duni kwake. Elizabeth naye ameshamhukumu kwa maneno ya mtu mwongo. Hakuna mzazi aliyesimama mlangoni kuwazuia. Kizuizi wamekibeba wenyewe.

Hapo ndipo waandishi wengi wanaoanza hujikwaa. Wanaweka baba mkali au rafiki mfitini, wakidhani mgogoro umepatikana. Kizuizi cha nje kina kazi yake, lakini baba akilainika hadithi imekwisha, na wapenzi ni walewale wa ukurasa wa kwanza. Dhaifu zaidi ni kutoelewana kwa bahati: binti amemwona kijana na mwanamke mwingine, ananuna kurasa 100, kumbe yule ni dada yake. Pima mgogoro wako hivi: waketishe wapenzi waambiane ukweli wote kwa dakika 5. Tatizo likiisha, hukuwa na riwaya.

Kabla ya kuandika onyesho la kwanza, mwandikie kila mpenzi sentensi tatu: anataka nini, anaogopa nini, na tukio gani lilimfunza hofu hiyo. Tuseme Zuhura ni muuguzi wa Tanga. Anataka kumalizia nyumba ya mama yake. Anaogopa kumtegemea mtu, kwa kuwa baba yake alikopa kwa siri, akaondoka, deni likabaki kwa mama. Kassim, fundi wa injini za boti, anataka karakana yake mwenyewe. Anaogopa kuonekana hana uwezo, maana posa yake ya kwanza ilikataliwa kwa kukosa mahari. Tangu hapo shida zake huzificha. Kassim akikopa kimyakimya ili atoe mahari, kwake hiyo ni heshima. Kwa Zuhura, ni baba yake amerudi. Dakika 5 za ukweli hapa zinachochea moto, na ndivyo inavyotakiwa.

Mila zetu zinampa mwandishi chombo kizuri mno: mshenga. Maneno ya Kassim yanafika kwa kina Zuhura kupitia kinywa cha mtu mwingine, yakiwa yamepambwa, pengine yamepunguzwa, na yeye mwenyewe hayupo kusahihisha. Mshenga mmoja anayejisifu kwa niaba ya bwana harusi anaweza kutoa ahadi ambayo Kassim ataona haya kuikana.

Kuhusu urefu, mifululizo kadhaa ya Harlequin, kampuni ya kuchapisha riwaya za mapenzi iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, huhitaji takriban maneno 50,000. Kwa kitabu cha kiasi hicho, wakutanishe kabla ya neno la 5,000. Karibu na 25,000 waonje raha, ili msomaji aone watakachopoteza. Waachane kwenye 38,000 hivi, na chanzo kiwe hofu zao. Ukiwatenganisha kwa ajali ya gari, kazi umeipa barabara na wahusika umewaacha bure.

Kila onyesho libaki ndani ya kichwa cha mmoja tu. Tukijua mioyo yote miwili kwa pamoja, taharuki inakufa. Punguza pia "moyo ukamwenda mbio". Ukirudiwa kila ukurasa hausikiki tena. Andika anachokigundua mtu huyu pekee: fundi ataona kwamba Zuhura hufunga kila mfuniko mara mbili.

Ukiandika kwa sehemu, za gazeti au za simu, "itaendelea" ije baada ya uamuzi: Zuhura amerudisha barua ya posa. Mlango kugongwa tu humrudisha msomaji mara moja pekee. Akikuta ni jirani aliyekuja kuomba chumvi, hatakuamini tena.

Mwishoni, kila mmoja atende kile anachokiogopa, tena kimgharimu. Kassim afungue daftari la madeni mbele ya Zuhura bila kuulizwa, Zuhura naye aombe msaada wa kumalizia nyumba ambayo angeweza kusubiri miaka miwili akaimaliza mwenyewe. Matendo hayo yakiwa katika sura moja, Kassim aanze, kwa kuwa yeye ndiye aliyeficha. Zuhura akitangulia, ataonekana ameshawishika kwa maneno matamu tu.