Mradi wa Kusoma Likizoni kwa Wasomao kwa Vidole na Masikio

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ndefu ya majira ya joto, maktaba za umma nchini Marekani huandikisha watoto, na siku hizi hata watu wazima, katika mradi wa kusoma. Msomaji hupewa kadi ya kujaza kurasa au dakika alizosoma, hushiriki michezo na warsha zinazofuata mada ya mwaka huo, na mwishoni hupokea zawadi. Mimi ni mkutubi ninayewahudumia wasioona, wenye uoni hafifu na wengine ambao, kwa sababu ya hali ya mwili au ya ubongo, hawawezi kutumia maandishi ya kawaida yaliyochapwa. Ninachotaka kueleza ni kwamba mradi huu hauwafai wasomaji wangu ikiwa umetungwa kwanza kwa ajili ya macho, kisha ukarekebishwa katika wiki ya mwisho.

Tuanze na ile kadi, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu (breli, yaani maandishi ya nukta zilizoinuliwa yanayosomwa kwa vidole) una mistari 25, na kila mstari una nafasi 40 za herufi, kwa hiyo ukurasa mzima hauzidi nafasi 1,000 hata ukihesabu mapengo kati ya maneno. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hugeuka kuwa kurasa mbili, tatu au zaidi za nukta nundu, na riwaya inayobebwa kwa mkono mmoja huwa majalada kadhaa makubwa. Ukihesabu kurasa, basi, unamlinganisha mtoto anayesoma nukta nundu na mwenzake anayeona kwa vipimo viwili tofauti. Na yule anayesikiliza kitabu cha sauti hana kurasa kabisa. Dakika nazo haziondoi tatizo. Kijana aliyezoea vitabu vya sauti huongeza kasi ya sauti inayosoma hata mara mbili na kumaliza kitabu kwa nusu ya muda, ilhali mtoto anayejifunza nukta nundu huweza kutumia dakika nzima akipapasa mstari mmoja, na mstari huo ni kazi kubwa kuliko sura nzima ya mwenzake. Baada ya kujaribu njia kadhaa, nimeamua kuhesabu siku: siku yoyote ambayo msomaji amesoma, kwa namna yoyote ile, inahesabiwa. Wako wakutubi wanaopendelea kuhesabu vitabu, nami ninaelewa sababu zao, ila naona njia hiyo inamwadhibu aliyethubutu kuchagua kitabu kirefu.

Kadi yenyewe lazima isomeke. Karatasi yenye miraba ya kupaka rangi haimwambii chochote asiyeona, lakini uzi wa kutungia shanga, shanga moja kwa kila siku, humwezesha kupima maendeleo yake kwa kidole bila kumuuliza mtu. Zawadi nazo zifikiriwe mapema, maana nimeona watoto wakipewa penseli za rangi na vibandiko vya picha, wakashukuru kwa adabu kisha wakaviacha mezani.

Kuna swali ninaloulizwa na wazazi na hata na walimu: je, kusikiliza ni kusoma? Taifa hili lililijibu swali hilo kwa sheria na kwa fedha zamani sana. Sheria iliyoiwezesha Maktaba ya Bunge la Marekani kuwapatia wasioona vitabu ilitiwa saini Machi 3, 1931, ikiwalenga watu wazima tu, na vitabu vya sauti vikaanza kusambazwa mwaka 1934 vikiwa katika sahani za santuri, kila upande ukibeba takriban dakika 15 za usomaji. Watoto waliingizwa mwaka 1952, na mwaka 1966 huduma ikapanuliwa iwafikie watu ambao ulemavu wa mwili unawazuia kushika kitabu au kufungua kurasa. Leo vitabu hivyo hupakuliwa kwa intaneti au hutumwa kwa posta bila malipo vikiwa katika katriji, yaani kikasha kidogo kinachohifadhi sauti na kuchomekwa katika mashine ya kuichezesha. Anayefuata hadithi kwa sikio, akakumbuka wahusika, akabishana nawe kuhusu mwisho wake, amesoma. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kwa sababu ya sauti nukta nundu haihitajiki tena. Sikio halimfundishi mtoto tahajia, halimwonyeshi mkato umewekwa wapi wala aya inaanzia wapi. Mtoto asiyeona ambaye likizo nzima hakugusa nukta nundu hurudi shuleni vidole vyake vikiwa vizito, kama vile mwenye macho ambaye hakufungua kitabu hurudi na kigugumizi cha kusoma. Kwa hiyo humwomba kila mtoto anayejua nukta nundu, hata kidogo tu, achanganye: kitabu kirefu kwa masikio, kifupi kwa vidole.

Katika shughuli zote tunazofanya, ninayoipenda zaidi ni kisanduku cha hadithi. Unachagua hadithi fupi, unakusanya vitu vinavyotajwa ndani yake, unaviweka katika kisanduku pamoja na kitabu chenye maandishi ya kawaida na nukta nundu katika ukurasa mmoja, ili mzazi anayeona na mtoto asiyeona wasome pamoja. Kadiri hadithi inavyosonga, mtoto hutoa kitu kinachohusika na kukishika. Sharti kubwa ni kwamba vitu viwe halisi. Tembo mdogo wa plastiki anafanana na tembo machoni tu. Kwa vidole ni kipande kigumu, kisicho na mikunjo, chenye vijiti vinne, wala hakina uhusiano wowote na mnyama mwenye ngozi iliyokunjamana na urefu unaompita mtu. Vivyo hivyo picha iliyoinuliwa ya nyumba, yenye mraba na pembetatu juu yake, ni namna ambayo jicho huiona nyumba kutoka mbali, na hakuna mkono uliowahi kuigusa nyumba kwa namna hiyo. Ndiyo maana huchagua hadithi zinazohusu vitu vinavyoenea mkononi: funguo, soksi, kijiko, ganda la yai, manyoya ya ndege, mbegu ya maharage. Mbegu ni hazina ya pekee, kwa kuwa tukishamaliza hadithi tunaziotesha katika pamba yenye unyevu, na kila siku mtoto anapapasa mzizi uliorefuka.

Kwa wanaoanza kujifunza nukta nundu, trei yenye vishimo sita, iliyopangwa safu mbili za vishimo vitatu, hugeuka kuwa seli moja kubwa, yaani nafasi ya herufi moja yenye mahali pa nukta sita. Mipira ikiwekwa katika vishimo, herufi inatokea. Watoto wenye macho nao huuchezea mchezo huu kwa hamu kubwa, na hapo asiyeona anakuwa mwalimu wao.

Lakini si kila linalomfaa asiyeona linamfaa kila mtu asiyeweza kutumia maandishi ya kawaida, na kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mtoto mwenye disleksia, yaani ambaye ubongo wake hupata shida kusoma maandishi, anaona vizuri kabisa. Kisanduku cha vitu hakimsaidii, na akipewa kitabu cha watoto wadogo kwa sababu maneno yake ni mepesi, anaaibika. Anachohitaji ni kitabu kilekile wanachokizungumzia wenzake, katika sauti, na ikiwezekana maandishi yakimulikwa kwenye skrini sambamba na sauti hiyo. Mtu ambaye mikono yake haimtii hawezi kutunga shanga wala kupapasa vitu, lakini anaweza kusikiliza, kuchagua mwisho wa hadithi, au kurekodi ya kwake. Siku hizi, kabla ya kupanga shughuli yoyote, hujiuliza nani ataikosa, kisha huandaa njia ya pili yenye uzito uleule, ili asije akapewa kazi ya kujazia muda wenzake wanapocheza.

Watu wazima pia hawapaswi kusahauliwa, hasa kwa kuwa wasomaji wengi wa maktaba zetu ni wazee waliopoteza uoni ukubwani. Wengi hawaendeshi tena gari, na wengine hawatumii kompyuta. Kwa hao, klabu ya kusoma kwa simu imefaa kuliko jambo lolote nililojaribu. Wote hupiga namba moja saa ileile, na kitabu kilichochaguliwa lazima kiwe kinapatikana kwa sauti, kwa nukta nundu na kwa maandishi makubwa kabla hakijatangazwa. Kila anayesema hutaja jina lake kwanza, kwa sababu hakuna anayemwona mwenzake, nami kama mwenyekiti huwaita kwa zamu wale walionyamaza. Asiyeona ambaye pia hasikii hutumiwa maswali mapema, kisha majibu yake husomwa na mkutubi, na baada ya kikao hupata maelezo ya mazungumzo kwa nukta nundu.

Yote haya yanategemea kalenda. Kitabu cha nukta nundu kikihitaji kunakiliwa upya huchukua wiki nyingi, kwa maana lazima mtu mwenye ujuzi akisahihishe, hata kama programu ya kompyuta imefanya tafsiri ya kwanza. Kwa hiyo orodha ya vitabu vya likizo huifunga mapema, wakati baridi ingalipo, na vifurushi huondoka wiki mbili kabla ya siku ya uzinduzi ili vimfikie msomaji wa mbali siku ileile ambayo jirani yake anayeona anachukua chake maktabani. Ndani ya kila kifurushi, juu kabisa, huweka karatasi moja ya nukta nundu au, kwa asiyeijua, katriji yenye sauti yangu, ikieleza kitu kimoja kimoja kilichomo na mpangilio wake, ili aliyekipokea aweze kukifungua peke yake.