Uchumi wa mpito: maana yake, kwa kuitazama Estonia

Uchumi wa mpito ni uchumi wa nchi iliyoacha kupangiwa kila kitu na serikali, lakini haijafikia kuwa na soko linalojiendesha. Sheria za zamani zimefutwa, mpya bado hazijazoeleka, na watu wanahitaji kula leo.

Mara nyingi dhana hii huelezwa kana kwamba ni kuondoa vizuizi tu: serikali ikikaa pembeni, soko litajipanga lenyewe. Naona maelezo hayo yanaruka hatua ya kwanza. Soko huongozwa na bei, na bei haina maana kama fedha yenyewe haiaminiki. Nchi ndogo ya Estonia, yenye watu wasiofika milioni mbili, inalionyesha hilo vizuri.

Estonia ilipokuwa chini ya Umoja wa Kisovyeti, bei ilikuwa namba iliyoandikwa ofisini. Kiwanda hakikutafuta wateja. Kilikabidhi mzigo kulingana na mpango. Bidhaa zilionekana rahisi, ila mnunuzi alilipa sehemu ya gharama kwa saa alizosimama kwenye foleni. Estonia iliporejesha uhuru wake Agosti 1991, bado ilikuwa ikitumia rubeli, sarafu ya Kisovyeti, na rubeli zilichapwa Moscow. Bei zilipoachiwa huru, mfumuko wa bei wa mwaka 1992 ulipita asilimia 1,000. Akiba ya miaka mingi ikayeyuka mikononi mwa wenyewe.

Tarehe 20 Juni 1992 nchi ikatoa sarafu yake, krooni. Katika siku chache za kubadilisha fedha, kila mkazi aliyejiandikisha aliruhusiwa kuleta rubeli taslimu 1,500, na kwa kila rubeli 10 alipewa krooni 1. Yaani mtu alitoka pale na krooni 150 mkononi. Thamani ya krooni ilifungwa kwa maki, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo: krooni 8 kwa maki 1. Sheria iliizuia benki kuu kutoa krooni ambazo hazina dhahabu au fedha za kigeni nyuma yake. Sehemu ya dhahabu hiyo ilikuwa akiba iliyowekwa nje ya nchi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kurudishwa baada ya uhuru. Serikali, kwa hiyo, haikuweza tena kuziba pengo la bajeti kwa kuchapa noti. Hapo ndipo bei zilipoanza kubeba habari za kweli: nini kimeadimika, nini hakitakiwi, nani anazalisha kwa hasara.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Serikali ya waziri mkuu Mart Laar ilifuta karibu ushuru wote wa forodha, ikabinafsisha viwanda, na mwaka 1994 ikaweka kodi ya mapato ya kiwango kimoja, asilimia 26, kwa mwenye nacho na asiye nacho.

Gharama yake haifai kupitwa kwa sentensi moja. Katika miaka ya mwanzo pato la taifa lilishuka kwa takribani theluthi moja. Mashamba ya pamoja yalivunjwa, na wakulima waliozoea kuuza maziwa na nyama mashariki wakajikuta na soko la Urusi lililojaa vikwazo, huku bidhaa za nje zikiingia nyumbani bila ushuru. Kijana wa mjini aliweza kujifunza kazi mpya. Mstaafu aliyekuwa na pensheni peke yake hakuwa na miaka ya kungoja matunda. Ndiyo maana nasema neno “mpito” lina upole usiostahili: kwa baadhi ya watu, maisha yao yote yaliyobaki yaliishia humo humo ndani ya mpito.

Mpito unakwisha lini? Hakuna siku moja inayokubaliwa na wote. Wengi hutaja Mei 2004, Estonia ilipoingia Umoja wa Ulaya, na cha kushangaza ni kwamba ililazimika kurudisha ushuru iliokuwa imeufuta, ili ilingane na wanachama wenzake. Mimi ningetazama Januari 2011, krooni ilipoipisha yuro. Kiwango cha mwisho kilikuwa krooni 15.6466 kwa yuro 1. Ujerumani ilipoacha maki na kuchukua yuro, yuro moja iliwekwa kuwa sawa na maki 1.95583; zidisha mara 8, utapata namba hiyo hiyo. Kwa zaidi ya miaka 18, kiwango kilichowekwa Juni 1992 hakikuguswa.