Je, wajua kwa nini Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ilitajwa kuwa ya pauni 5,000?

Kiangazi cha 1940 Ufaransa ilikuwa imeshaanguka, na ndege za Ujerumani zilikuwa zikivuka bahari kuishambulia Uingereza. Miji, viwanda na vyama vya Waingereza vikaanza kuchangishana kununua ndege za kivita, hasa Spitfire. Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni 5,000 kwa ndege moja. Gharama halisi ilikuwa kubwa kuliko hiyo, tena kwa mbali.

Kiwango hicho kilitoka kwa Lord Beaverbrook, waziri wa utengenezaji wa ndege, mmiliki wa magazeti aliyejua kusema na umma. Pauni 5,000 ni fedha ambayo mji mdogo ukijikaza ungeweza kuifikisha. Tena ndege ikagawanywa vipande vipande: bawa pauni 2,000, ribiti moja, yaani pini ya kuunganishia mabati ya ndege, peni sita. Hapa ndipo ninapouona ustadi wenyewe. Mtoto aliyetoa peni zake sita hakuwa ametoa kwa ajili ya "vita", neno kubwa lisiloshikika. Alijua kwamba angani kuna ribiti yake.

Waliotimiza kiwango walichagua jina, likaandikwa kwa rangi ya njano ubavuni mwa ndege, karibu na chumba cha rubani. Wanawake walioitwa Dorothy walichangishana wenyewe kwa wenyewe, na Spitfire yao ikapewa jina hilohilo.

Je, michango iliongeza ndege? Si moja kwa moja. Viwanda vilibanwa na upungufu wa mashine, mafundi na alumini, wala si ukosefu wa noti. Fedha ziliingia hazina, kisha ndege iliyokuwa ikitengenezwa ikapewa jina la mchangiaji. Hata hivyo sioni kwamba watu walitapeliwa: serikali ilihitaji fedha hizo, na raia aliyekuwa akilala kwenye handaki alihitaji kujua kuwa naye ameshika kitu.

Makoloni nayo yalichanga. Basutoland, yaani Lesotho ya leo, ilitoa fedha za Spitfire nyingi kiasi kwamba Kikosi Namba 72 cha jeshi la anga la Uingereza kikaitwa kwa jina lake; Kikosi Namba 249 kikabeba jina la Gold Coast, Ghana ya sasa. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko Spitfire. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ndege moja ya Kiingereza aina ya F.E.2b iliandikwa "Zanzibar No. 1".