Wacha ushoga, ni sindano tu

Nafanya kazi ya ushauri nasaha katika kituo cha afya Pwani ya Kenya. Asubuhi moja mtoto wa kiume, miaka sita hivi, alikuwa akilia huku ameng'ang'ania leso ya mamake, hataki kuingia chumba cha sindano. Askari wa getini, mtu mwema ambaye huwashika wazee mkono mpaka ndani, akamwambia: "Wacha ushoga, ni sindano tu!" Benchi zima likacheka. Mama naye akacheka. Mtoto akanyamaza.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi kijana mmoja, kadi mkononi. Nilipotoka kumwita, hayupo.

Alirudi baada ya miezi mitatu, vipele vimemjaa viganjani na nyayoni. (Ameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika.) Siku ile ya benchi alikuja na kidonda kisichouma. Kaswende ndivyo ilivyo: kidonda hufunga chenyewe baada ya wiki kadhaa hata bila dawa, mtu akadhani amepona, kumbe vijidudu viko kwenye damu vinaendelea na kazi yao. Tiba yake ni penisilini, sindano. Angechomwa siku ile ile, na mwenzake tungemwita naye atibiwe. Nikamwuliza kwa nini aliondoka. Wala hakumlaumu askari. Alisema, "Nilijua tu, nikiingia mle ndani mtanicheka."

Mwenye kusema huangalia anayemwambia, hawaangalii wanaosikia. Askari alikuwa akisema na mtoto. Lakini kijana aliyekuja na siri yake alikuwa akipima: je, hapa nikifungua mdomo nitakuwa salama? Jibu alilipata getini, kabla sijamwona mimi wala daktari.

Neno lenyewe nalionea uchungu pia. Bibi yangu alikuwa na shoga yake. Hivyo ndivyo wanawake wa Pwani walivyoitana, na wengine wangali wakiitana: rafiki wa mwanamke mwenziwe, wa kusukana nywele, wa kuazimana leso, wa kuambiana yasiyosemeka kwa mume. Baadaye neno likahamia kwa mwanamume anayependa wanaume, na huko likageuzwa tusi. Sasa limepanuka kupita hapo. Ukikosa penalti, ushoga. Ukibeba mwavuli, ukiogopa mbwa, ukililia msiba wa babako, ushoga. Mara nyingi anayelitamka hana habari kabisa na nani anampenda nani. Anataka kusema woga, au udhaifu, au kitu kibovu.

Na hapo ndipo sumu ilipo. Mtoto wa miaka sita husikia neno hili mara elfu kabla hajajua mapenzi ni nini. Akifika miaka kumi na mitano akagundua kwamba yeye ndiye, hana haja ya kutukanwa na mtu. Matusi yote ameshayahifadhi kichwani na anajitukana mwenyewe. Sisi huita hali hii kujinyanyapaa. Naikuta kwa watu wasiolala usiku, wanaokunywa kupita kiasi, wanaoacha dawa za VVU kwa kuona hawastahili kuishi. Hawa ndio ninaokaa nao kila wiki.

Kuna wanaoniambia maneno hayajaua mtu. Mimi huwakumbusha Mtwapa. Februari 2010 ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wangeoana mjini humo. Haikuwa kweli. Maneno yakapita redioni, mahubirini na vibandani, mpaka umati ukaizingira kliniki ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyokuwa ikitoa huduma za VVU. Watu walipigwa. Umati ule haukuanza na mawe. Ulianza na watu waliozoea kutaja wenzao kama uchafu, hata siku ya kupiga ilipofika hawakuona kwamba wanampiga mtu.

"Lakini ni utani tu." Hapana, utani tunaujua. Mjukuu na babu wanataniana, shemeji na shemeji wanataniana, na sharti lake ni moja: mtani wako naye anakujibu, tena papo hapo, kila mtu akicheka. Yule kijana wa benchi angejibu nini? Kujibu kungekuwa kujitangaza, katika nchi ambayo vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyofanya ngono kati ya wanaume kuwa kosa la jinai, bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Mzaha ambao mwenzako hawezi kuujibu bila kuhatarisha nyumba yake na kazi yake hauna jina la utani.

Wengine hunitajia dini. Simwombi mtu aache imani yake. Namwomba achunge ulimi, jambo ambalo msikitini na kanisani amefundishwa tangu utotoni. Katiba nayo, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima ya asili na haki ya heshima hiyo kulindwa. Haikumbagua mtu.

Kiswahili chenyewe kimetusaidia kuliko tunavyojua. "Yeye" haisemi mume wala mke. "Mwenza" na "mpenzi" vilevile. Mteja anaweza kuniongelesha saa nzima juu ya mtu anayempenda, amemkasirikia, amemkumbuka, na nisijue jinsia yake mpaka atake mwenyewe kuniambia. Zamani niliuharibu mlango huo kwa swali moja: "Mkeo anajua?" Siku hizi nauliza, "Mwenzako anajua?" na nimeona mabega ya watu yakishuka.

Yule askari nilikaa naye chini, nikamweleza habari ya kidonda na ya vipele bila kumtaja mgonjwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza alikuwa nani, nikakataa kumwambia. Tangu hapo watoto huwaambia, "Pole, itauma kidogo tu."

Kijana alipona. Hata sasa, kabla hajaja, hunipigia simu kwanza kuuliza getini leo yuko nani.